Mkojo wa Rangi ya Chungwa, Uso Uliofura: Kisa cha Mgonjwa wa Utumbo Kisiwani Lamu

Kuhusu kisa hiki

Mgonjwa ni mama wa miaka thelathini na kitu kutoka visiwa vya Lamu, anayeugua kolaitisi ya vidonda. Huu ni mmoja wa magonjwa mawili makuu ya uvimbe sugu wa matumbo. Mwenzake ni ugonjwa wa Crohn. Jina, kijiji na kazi yake vimeondolewa, na tarehe zimesogezwa ili asitambulike. Mpangilio wa matukio, vipimo vya dawa na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa.

Mama huyu aliacha dawa mara mbili bila kumwambia mtu. Mara zote mbili alikuwa na sababu, na kwa aliyoyajua wakati huo sababu zenyewe zilikuwa za busara. Alikimbia madhara aliyoyaona kwa macho, ambayo hayakuwa na hatari kubwa. Yaliyotaka kumuua hayakuonekana kwenye kioo, na hakuna aliyekuwa amemtajia.

Ugonjwa ulivyoanza

Kwa miezi saba alikuwa akienda choo mara tano hadi sita kwa siku, choo chenye damu na makamasi, na usiku haja ikimwamsha kwa ghafla. Alipungua mwili. Katika muda huo alitibiwa amiba mara tatu kwa metronidazoli.

Matibabu ya kwanza ya amiba hayana lawama. Pwani, damu kwenye choo humfanya kila mhudumu afikirie amiba au bakteria kabla ya kitu kingine, na ni lazima afikirie hivyo, kwa kuwa mgonjwa wa amiba akipewa dawa za steroidi (hutuliza uvimbe ila hushusha kinga ya mwili) kimakosa utumbo wake unaweza kutoboka. Tatizo ni mara ya pili na ya tatu, ambapo dawa ilitolewa bila choo kupelekwa maabara.

Hatimaye alipelekwa Mombasa kwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Uvimbe ulianzia njia ya haja kubwa na kupanda upande wote wa kushoto bila kuacha nafasi katikati, na vinyama vilivyokatwa vikathibitisha kolaitisi ya vidonda ya kiwango cha kati. Choo hakikuwa na amiba. Vipimo vya Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B vilikuwa safi, na picha ya kifua haikuonyesha kifua kikuu. Kabla ya steroidi alipewa ivermekitini kulingana na uzito (mikrogramu 200 kwa kila kilo), kwa ajili ya minyoo ya strongiloidesi ambayo huingia kupitia ngozi ya mguu mtupu na inaweza kuzaana bila kikomo mwili ukiwa chini ya steroidi. Kidonge kimoja cha albendazoli hakitoshi kwa mnyoo huyu. Hatua hii husahaulika sana, na hapa haikusahaulika.

Dawa alizopewa, na maneno aliyopewa pamoja nazo

Alirudi kisiwani na dawa tatu.

Sulfasalazini ya miligramu 500, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo kwa muda mrefu: kidonge kimoja mara mbili kwa siku wiki ya kwanza, viwili mara mbili wiki ya pili, kisha viwili mara tatu. Kupanda ngazi hivi hupunguza kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Alipewa kopo la vidonge 100, la kutosha wiki tatu na ushei. Mesalazini, dawa ya jamii moja nayo, ina madhara machache zaidi, ila kwa kawaida ni ghali, na dawa ya kunywa miaka mingi ni lazima iwe ile ambayo mgonjwa ataweza kuinunua mwezi wa kumi kama alivyoinunua mwezi wa kwanza. Kabla ya kuianza aliulizwa kama amewahi kuwashwa au kubabuka kwa Septrin au Fansidar, kwa sababu zote zina salfa, akasema hapana. Hakupimwa upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao upo kwa watu wengi wa Pwani na unaweza kufanya chembe nyekundu za damu zivunjike kwa dawa hii. Kwa bahati hilo halikumtokea.

Asidi ya foliki miligramu 5 kila siku, kwa sababu sulfasalazini huzuia utumbo kuifyonza ile iliyo kwenye chakula.

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, miligramu 40 kwa siku kwa wiki mbili, kisha kupunguza miligramu 5 kila wiki hadi kuisha. Kwa vidonge vya miligramu 5 maana yake ni vidonge vinane kwa siku mwanzoni, na jumla ya vidonge 308 katika wiki tisa. Juu ya bahasha ya dawa paliandikwa "8x1", basi.

Ndani ya faili yake kuna sentensi moja kuhusu suala linalotuhusu hapa: "Mgonjwa ameelezwa madhara ya dawa." Ameelezwa yapi, na nani, kwa lugha gani, haijulikani. Alipoulizwa miezi kadhaa baadaye alikumbuka mambo mawili: anywe baada ya kula, na asikose siku. Karatasi iliyokuwa ndani ya kopo ilikuwa ya Kiingereza, ya maandishi madogo sana, na ilitaja madhara kadhaa bila kutenganisha la kawaida na la nadra.

Mfululizo wa matukio

*Wiki ya kwanza.* Vidonge vinane kwa pamoja vilimtisha. Kisiwani watu wamezoea maandishi ya "1x3" na "2x3", kwa hiyo aliigawa ile "8x1" kwa akili yake: viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni, viwili usiku. Damu ilipungua ndani ya siku nne. Usingizi nao ukatoweka, kwa kuwa prednisoloni ya usiku humweka mtu macho. Alikesha, akawa mkali kwa watoto, akaona ni mawazo.

*Siku ya kumi.* Mkojo ukawa na rangi ya chungwa iliyoiva, na nguo ya ndani nyeupe ikashika doa. Akamwita wifi yake amwonyeshe. Wifi akasema ni manjano, dawa imeshafika kwenye ini. Sulfasalazini huvunjwa ndani ya utumbo mpana ikawa sehemu mbili, na rangi yake hutoka kwa mkojo, wakati mwingine hata kwa jasho na machozi. Haina madhara yoyote. Yeye hakulijua hilo. Akaacha sulfasalazini siku hiyo na kuendelea na prednisoloni, na kwa sababu prednisoloni ilikuwa imeukamata ugonjwa hakuona tofauti yoyote.

*Wiki ya tatu.* Siku ya kliniki aliulizwa, "Unaendeleaje, mama?" Akajibu, "Alhamdulillahi, damu imekata." Akapewa kopo la pili la sulfasalazini. Ni jibu la adabu na lilikuwa la kweli. Swali ndilo lililokuwa pana mno.

*Wiki ya nane.* Prednisoloni ilipofika miligramu 10, damu ilirudi. Akilini mwake hesabu ilikuwa nyepesi: kidonge kidogo cheupe ndicho kinachoponya, na nimepunguziwa. Akaenda kwa kemisti wa mjini, akauziwa prednisoloni bila karatasi ya daktari, akapandisha mwenyewe hadi vidonge vinne, yaani miligramu 20. Damu ikapungua tena. Akaendelea hivyo kwa wiki saba. Kliniki ya wiki ya tisa hakwenda. Nauli ya boti ilikuwa ya shida, na kwa maoni yake dawa alikuwa nayo.

*Mwezi wa Shaaban.* Shaaban ni msimu wa harusi, watu wakiwahi kabla ya Ramadhani. Siku ya kutia hina kwa jamaa yake, wanawake walimwambia uso umefura, mashavu yamejaa, na mmoja akamuuliza kama ana mimba. Chunusi zilikuwa zimemtoka mgongoni na vinyweleo kwenye taya. Mwingine akamwambia kwamba vidonge hivyo ndivyo wanavyonywa wasichana wanaotaka kunenepa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku tano kabla ya mwezi kuandama aliacha vyote, kutoka miligramu 20 hadi sifuri, baada ya wiki kumi na tano mfululizo za steroidi.

*Siku ya tatu hadi ya nane baada ya kuacha.* Viungo vyote viliuma, mwili ukalegea, hamu ya chakula ikakatika. Akadhani ni homa. Kemisti yuleyule akampa diklofenaki ya maumivu, dawa ambayo kwa mgonjwa wa kolaitisi inaweza kuuchokoza utumbo upya. Ramadhani ilipoingia akafunga.

*Siku ya tisa, mwezi nne Ramadhani.* Alitapika daku yote, akaharisha damu, akasimama na kuanguka. Alifikishwa hospitali kwa boti alasiri hiyo.

Hospitalini: maamuzi na sababu zake

Presha ilikuwa 76 kwa 44, mapigo ya moyo 124, joto 37.9, sukari 2.9. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumtibu kama mtu aliyekaukiwa maji: amefunga, ametapika, anaharisha. Ulikuwa uamuzi sahihi ila haukutosha. Lita mbili za maji ya chumvi na glukosi ziliipandisha presha hadi 88, kisha ikarudi 78. Hapo afisa wa kliniki akaanza kutilia shaka, kwa kuwa mtu aliyekaukiwa maji tu huinuka akijazwa maji, wala habaki vilevile.

Uamuzi wa pili ulikuwa picha ya tumbo, kuhakikisha utumbo mpana haujapanuka kupita kiasi (mpaka ni sentimita 6) wala haujatoboka. Steroidi huficha dalili za tumbo lililotoboka: mgonjwa anaweza kuwa na tumbo laini huku ndani kumeharibika. Picha ilikuwa salama.

Uamuzi wa tatu ndio uliobadilisha mambo. Mfamasia alimwomba wifi arudi nyumbani akalete kila kitu chenye kidonge ndani yake, iwe ya hospitali au la. Mfuko ulipofika ulikuwa na kopo la sulfasalazini lenye vidonge 74, kopo la pili ambalo muhuri wake haujakatwa, pakiti tupu za prednisoloni ambazo hazikutoka hospitali hiyo, diklofenaki, bahasha ya "8x1", na chupa ya mafuta ya habasoda ambayo haikuhusika kwa lolote. Vidonge 26 vilivyopungua kwenye kopo la kwanza ni sawa kabisa na vidonge 14 vya wiki ya kwanza na 12 vya siku tatu zilizofuata. Kwa hesabu hiyo siku aliyoacha ilijulikana hata kabla mgonjwa hajaweza kuzungumza.

Pakiti tupu ndizo zilizoeleza presha. Tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo hutengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha na sukari, kila siku, na hutengeneza zaidi mwili ukiwa taabani. Mtu anayekunywa prednisoloni kwa zaidi ya wiki tatu au nne, tezi hizo hupumzika kwa sababu dawa hufanya kazi ya kotisoli na ubongo unaona ipo ya kutosha. Ukiikata dawa ghafla, haziamki siku hiyo wala wiki hiyo. Ongeza hapo ugonjwa uliowaka na saumu, na mwili unahitaji kotisoli maradufu wakati ambapo hauna hata ya kawaida.

Alichomwa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, miligramu 100 ya mshipa palepale, kisha miligramu 50 kila saa sita. Kipimo cha kotisoli hakikuwepo, na hata kingekuwepo sindano isingengoja majibu. Saa nne baadaye presha ilikuwa 104 kwa 62 na mgonjwa anauliza watoto wako wapi.

Majibu ya maabara yaliyofika baadaye yalikuwa na jambo la kujifunza: sodiamu 126, potasiamu 3.3. Wengi hutarajia potasiamu ipande adrenali zinaposhindwa. Hilo ni kwa tezi zilizoharibika zenyewe. Zikiwa zimelazwa na dawa, homoni ya kushika chumvi huendelea kutoka kwa kuwa haitegemei amri ileile ya ubongo, na potasiamu hubaki ilipo. Huyu alikuwa akiipoteza kwa kuharisha. Anayengoja potasiamu ya juu ndipo achome sindano atangoja mpaka amchelewe mgonjwa.

Uamuzi wa nne ulihusu dawa za baadaye, na hapa palikuwa na mjadala. Faili lilisomeka hivi: mgonjwa amepewa sulfasalazini miezi mitatu na zaidi, damu imerudi steroidi iliposhuka. Kwa maandishi hayo hatua inayofuata ingekuwa azathioprini, dawa nzito zaidi inayoshusha kinga ya mwili. Vidonge 74 vilikataa. Sulfasalazini haikuwa imeshindwa, haikuwa imejaribiwa. Ikaamuliwa aanze upya kwa ngazi zilezile, na prednisoloni irudi miligramu 40, vyote vinane asubuhi, kisha ipunguzwe taratibu, na chini ya miligramu 10 ipunguzwe miligramu 2.5 kila wiki mbili ili tezi ziamke.

Kufunga alikatazwa Ramadhani hiyo, akaelezwa sababu ya kitabibu, na suala la kulipa akaachiwa yeye na watu wake wa elimu. Kwa miaka ijayo alipewa utaratibu endapo ugonjwa utakuwa umetulia: sulfasalazini ya gramu 2 hugawika mara mbili, gramu 1 baada ya futari na gramu 1 wakati wa daku, na maji ya kutosha kati ya hizo mbili.

Maelezo yalivyotolewa safari hii

Mfamasia hakusoma orodha. Alimimina vidonge mezani na kuuliza kwa kila kimoja: "Hiki unakijua ni cha nini? Kilikufanya nini?" Ndipo mambo ya mkojo, usingizi na uso yakatoka yote, kwa mara ya kwanza tangu aanze matibabu. Wifi alikuwepo. Hilo lilikuwa la makusudi, kwani ushauri wa kuacha dawa ya kwanza ulitoka kwake, kwa nia njema.

Kisha aliandikiwa kadi moja ya Kiswahili, kila dawa na safu tatu:

- Vumilia. Sulfasalazini: mkojo wa rangi ya chungwa, kichefuchefu kidogo wiki za mwanzo. Prednisoloni: njaa, uso kujaa, chunusi, hupungua dawa ikishuka.
- Uliza wiki hii. Sulfasalazini: kichwa kinachouma kila siku, kuharisha kuliko kabla ya dawa. Prednisoloni: kukosa usingizi hata ukinywa asubuhi, kiu na mkojo mwingi (sukari), hasira au huzuni isiyo yako.
- Njoo leo. Sulfasalazini: vipele vyenye malengelenge au vidonda mdomoni, macho ya manjano, mkojo mweusi kama kahawa, homa na koo. Prednisoloni: kutapika hadi dawa haikai tumboni, kizunguzungu cha kuanguka, homa kali.

Chini kabisa, kwa herufi kubwa: PREDNISOLONI HAIACHWI SIKU MOJA. Na karibu yake, tofauti kati ya rangi mbili: mkojo wa chungwa huku weupe wa jicho ni mweupe ni rangi ya dawa, jicho likiwa la manjano, njoo.

Awamu ya pili: azathioprini

Safari hii sulfasalazini alikunywa, na makopo yakahesabiwa kila kliniki. Hata hivyo, prednisoloni iliposhuka miligramu 7.5, damu ilirudi. Sasa ilikuwa halali kusema anategemea steroidi, na daktari wa Mombasa akaanzisha azathioprini.

Uzito ulikuwa kilo 56. Kwa miligramu 2 kwa kilo lengo lilikuwa karibu miligramu 112, hivyo vidonge viwili vya 50. Kipimo cha kimeng'enya cha TPMT, kinachoonyesha nani ataivunja dawa hii polepole, hakikupatikana, na sulfasalazini yenyewe hukipunguzia nguvu kimeng'enya hicho. Kwa sababu hizo alianza na miligramu 50 kwa wiki mbili kabla ya kufika 100, na hesabu kamili ya damu ikapangwa wiki ya 2, 4, 8 na 12, kisha kila miezi mitatu. Aliambiwa mapema kwamba dawa haitaonyesha kazi kabla ya miezi miwili au mitatu; asiyeambiwa hilo huiona haifai kufikia wiki ya tano.

Kadi iliongezwa mistari. Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya mgongoni, hasa mwezi wa kwanza: njoo leo, inaweza kuwa kongosho limevimba. Homa au koo: njoo leo, usinunue dawa ya mafua. Usinywe alopurinoli ya jongo bila kuuliza, kwa kuwa huizuia azathioprini isivunjwe na damu huweza kuanguka vibaya. Jua la mchana: mtandio na kivuli, kwa ajili ya ngozi. Chanjo zenye virusi hai zisichomwe kiholela. Hapa mwambao swali huja watu wanapokwenda Hijja au Umra, kwa sababu ya chanjo ya homa ya manjano, na anayekunywa azathioprini hulijadili na daktari miezi kabla ya safari.

Wiki ya 4 chembe nyeupe zilikuwa 4.8, kutoka 7.2. Katikati ya wiki ya 7, kipimo cha ratiba kikiwa bado, koo liliuma na joto likapanda jioni. Akasoma kadi, akapiga namba iliyoandikwa. Haikupatikana: ilikuwa simu binafsi ya mhudumu aliyekuwa amehamishwa kituo. Akamtuma mpwa wake asubuhi kwenye dirisha la dawa, na saa nne asubuhi mgonjwa mwenyewe alikuwa maabara. Chembe nyeupe 2.0, na zile za kupambana na bakteria, nyutrofili, 0.8. Joto 38.4.

Azathioprini ilisimamishwa, akalazwa na kupewa antibayotiki ya mshipa. Siku ya 16 chembe zilikuwa 4.1. Daktari wa Mombasa aliamua kuirudisha kwa miligramu 50 tu, damu ikipimwa kila wiki kwa wiki nne. Kwa kipimo hicho damu imekaa sawa.

Matokeo

Miezi tisa baada ya hapo hatumii steroidi. Anakwenda choo mara moja au mbili, bila damu. Uso ulirudi ulivyokuwa. Anaendelea na azathioprini miligramu 50, sulfasalazini gramu 2 na asidi ya foliki. Mifupa haijapimwa baada ya steroidi zote hizo. Wakati wote wa prednisoloni ya mara ya pili alipewa kalisi na vitamini D.

Uchambuzi

Tukianza na lililofeli kabisa: ile sentensi ya faili. "Ameelezwa madhara" ni maneno ya kumlinda mhudumu, hayamsaidii mgonjwa. Faili la pili liliandikwa tofauti: "Anajua mkojo utabadilika rangi, ametaja mwenyewe dalili tatu za kuja siku hiyohiyo." Tofauti ya sentensi hizo ni kwamba ya pili huwezi kuiandika bila kumsikiliza mgonjwa.

Wahudumu wengi huogopa kwamba ukimtajia mgonjwa madhara ataacha dawa. Kisa hiki kinaonyesha kinyume chake mara mbili. Aliacha kwa sababu madhara yalimjia bila kutajwa. Dakika moja ya kusema "wiki ijayo mkojo utageuka rangi, usishtuke" ingeokoa miezi mitatu na zaidi. Kutaja madhara kuna mpangilio wake: kwanza yale atakayoyaona hivi karibuni, hata yakiwa madogo, kwa sababu ndiyo yatakayompa uamuzi wa kufanya akiwa peke yake nyumbani. Yale ya nadra na ya hatari yanafuata, machache, kila moja na kitendo chake. Madhara ya miaka kumi yanaweza kungoja kliniki ya pili.

Uso uliofura ulichukuliwa na wahudumu kama jambo la urembo. Kwa mwanamke wa mji mdogo, msimu wa harusi, ni jambo la heshima: watu wanauliza mimba, wanasema anatumia vidonge vya kunenepea. Anayemwandikia prednisoloni ya miezi anatakiwa aiulize kalenda ya mgonjwa: kuna harusi? Ramadhani iko karibu? Mama huyu angejua kwamba uso utashuka dawa ikishuka kwa utaratibu, na kwamba kukatisha ghafla ndiko kwenye hatari, angalau angerudi kuuliza.

"8x1" ni kosa dogo lenye gharama. "Vidonge vinane kwa pamoja, asubuhi, baada ya chai" ni maneno machache na yanaenea kwenye bahasha.

Kemisti hakuwa mwovu. Alimuuzia mteja dawa aliyoitaja kwa jina, ya bei nafuu, ambayo kweli ilimsaidia. Hakujua kwamba ilikuwa wiki ya nane ya dawa na ilikuwa inashushwa. Kadi sasa ina mstari wa kumwonyesha muuzaji yeyote: mgonjwa huyu asiuziwe steroidi wala dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni bila kuuliza; parasetamoli inafaa. Angekuwa mgonjwa ni mume, kadi ingehitaji mstari mwingine: sulfasalazini hupunguza mbegu za kiume, na hurudi miezi miwili au mitatu baada ya kuiacha. Mwanamume aliyeoa karibuni asipoambiwa hilo hulaumiwa mke.

Kilichofanya kazi ni kuhesabu vidonge. Hakukuhitaji maabara wala fedha. Kulieleza tukio la presha, kukazuia azathioprini isianzishwe kabla ya wakati, na kukamfanya mgonjwa aseme yale ambayo "unaendeleaje" haikuyatoa. Maswali ya kliniki yamebadilishwa kufuatana na hilo: "Katika siku saba zilizopita, ni ngapi hukunywa?" na "Ni kitu gani kwenye dawa hizi hukipendi?" Swali la pili linampa mtu wa adabu ruhusa ya kulalamika.

Kadi nayo ilifanya kazi, ila si yote. Mgonjwa alitambua homa, akajua haingoji. Mlolongo ukakatika kwenye simu, na nyutrofili 0.8 zikalala nyumbani usiku mmoja zaidi. Namba kwenye kadi mpya ni ya simu ya wodi inayoshikwa na aliye zamu, na chini yake pameandikwa: ikikosa kupatikana, usingoje asubuhi, njoo na kadi hii.

Linalobaki bila jibu ni ratiba ya damu. Anguko lilitokea kati ya wiki ya 4 na ya 8, mahali ambapo ratiba haina kipimo. Kwa mgonjwa asiyepimwa TPMT na anayekunywa sulfasalazini pamoja nayo, kupima wiki ya 6 kungekuwa na maana. Kwa anayetoka kisiwa cha mbali hiyo ni nauli nyingine ya boti na siku nyingine ya kazi, na anayepanga ratiba anapaswa kuuliza nani atailipa kabla ya kuiandika kwenye kadi.